Antivirusi inakataliwa kusoma faili kwenye Linux: ulinganisho wa njia nne za kuiruhusu

Umeweka antivirusi ya ClamAV, umeiamuru iskani folda za watumiaji, na skrini imejaa mistari inayoishia na `Permission denied`. Chini kabisa muhtasari unasema `Infected files: 0`. Wengi hufunga terminali hapo wakiwa wameridhika. Lakini karibu na mstari huo kuna mwingine, `Total errors`, na huo ndio wa kusoma kwanza. Kila kosa ni mahali ambapo skani haikuingia, na folda moja iliyofungwa huhesabiwa kosa moja hata kama ndani yake kuna faili elfu kumi.

Programu yenyewe haikudanganyi. Ikimaliza hurudisha msimbo: 0 hakuna kirusi, 1 kirusi kimepatikana, 2 kulitokea hitilafu. Tatizo ni hati za cron (kipanga ratiba cha Linux) zinazouliza tu "je, ni 1?" kisha zikanyamaza miezi na miezi huku nusu ya diski haijaguswa.

Chanzo chake si siri. Injini ya ClamAV inayokaa kwenye kumbukumbu, `clamd`, haifanyi kazi kama root, yaani msimamizi mkuu mwenye mamlaka yote. Kwenye Debian na Ubuntu hujivua mamlaka na kuwa mtumiaji `clamav`; kwenye Fedora na RHEL mtumiaji huyo kwa kawaida ni `clamscan`, na usanidi wake uko `/etc/clamd.d/scan.conf`. Mtumiaji huyu kwa makusudi hana haki yoyote juu ya faili zako. Zamani hilo halikuonekana sana kwa sababu folda za nyumbani zilikuwa wazi kwa kila mtu kusoma. Ubuntu ilibadilisha hilo kuanzia toleo la 21.04: folda mpya ya nyumbani huanza na ruhusa 0750, yaani asiye mwenye folda wala mwanakundi wake haingii. Maelekezo mengi ya zamani yaliandikwa kabla ya hapo, ndiyo maana unayafuata neno kwa neno na bado unakataliwa.

Zipo njia nne za kutoka hapo. Zote hufanya kazi, ila kila moja ina gharama yake mahali tofauti.

## Kwanza ujue anayekataa ni nani

Kabla ya kuchagua, tumia dakika mbili hapa. Amri ya kwanza:

`namei -l /home/mtumiaji/Nyaraka/ripoti.pdf`

Itakuonyesha ruhusa za kila ngazi ya njia ya faili (anwani yake kwenye diski), kutoka mzizi hadi faili. Mara nyingi utakuta faili yenyewe inasomeka na kila mtu, ila folda moja juu yake haina herufi `x` kwa wengine. Bila `x` kwenye folda, hakuna anayepita kwenda chini, hata kama faili huko ndani iko wazi.

Amri ya pili inajifanya injini:

`sudo -u clamav head -c 1 /home/mtumiaji/Nyaraka/ripoti.pdf > /dev/null`

Ikikataliwa, tatizo ni ruhusa za kawaida, na njia nne za hapa chini zinakuhusu. Ikikubaliwa lakini `clamd` bado inalalamika, umekutana na mlinzi wa pili: AppArmor kwenye Ubuntu na Debian, SELinux kwenye Fedora na RHEL. Hawa hawajali wewe ni nani. Wanaangalia programu gani inagusa nini. Tafuta ushahidi kwa `journalctl -k | grep -i apparmor` au `ausearch -m avc -ts recent`. Kwa SELinux kuna swichi iliyotengenezwa kwa jambo hili hasa: `setsebool -P antivirus_can_scan_system 1`. Kwa AppArmor, ongeza njia za faili unazotaka zisomwe ndani ya `/etc/apparmor.d/local/usr.sbin.clamd`, kisha upakie upya wasifu kwa `apparmor_parser -r /etc/apparmor.d/usr.sbin.clamd`.

Na kama mtu amekushauri `chmod -R 777`, mshukuru na usifanye. Utakuwa umewafungulia watu wote kuandika juu ya faili zako ili programu moja iweze kuzisoma.

## Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vinne kwa kila njia.

Inafika wapi: je, inasoma kila kitu, au sehemu uliyoipangia tu?

Nani anafungua, nani anachambua: hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine, nacho kinahitaji maelezo. Kuskani ni kazi mbili. Kuna kufungua faili, kazi nyepesi ya kerneli, kiini cha mfumo. Halafu kuna kuchambua kilichomo: kufumua zip, kusoma PDF, kupekua picha za diski, hati za ofisi, barua pepe. Kazi hii ya pili ndiyo ya hatari, kwa sababu injini inakula data iliyotengenezwa na adui. Februari 2023 ClamAV ilitoa marekebisho ya kasoro CVE-2023-20032 kwenye msimbo wa kusoma mfumo wa faili wa HFS+. Ilipewa alama 9.8 kati ya 10, maana faili iliyotengenezwa kwa ustadi ingeweza kuifanya injini itekeleze amri za mshambuliaji. Zikitekelezwa kama `clamav` ni balaa. Zikitekelezwa kama root, mashine si yako tena.

Mzigo: kumbukumbu na muda.

Matunzo: nini kitavunjika mwezi ujao, faili mpya zikiingia au kifurushi kikisasishwa.

## Njia ya 1: `sudo clamscan`

Ndiyo inayojulikana zaidi. `clamscan` ni programu inayojitegemea. Haizungumzi na `clamd`. Inapakia sahihi zote za virusi (alama za kuvitambulisha), inaskani, inakufa.

`sudo clamscan -r -i --exclude-dir='^/sys' --exclude-dir='^/proc' /`

Inafika wapi. Karibu kila mahali kwenye diski za mashine yenyewe, maana root hapingwi na ruhusa za kawaida. Haina haja ya huduma ya nyuma wala soketi (mlango ambao programu huongea kupitia).

Nani anafungua, nani anachambua. Wote ni root. Hapa ndipo watu hujikanganya: wanakataa kuendesha `clamd` kama root kwa sababu za usalama, halafu kila usiku cron inaendesha `clamscan` kama root juu ya faili zilezile. Hatari ni ileile ya mchambuzi mwenye mamlaka yote, tofauti ni kwamba inadumu kwa saa chache badala ya siku nzima. Ongeza hapo chaguo la `--remove`, na kosa moja la utambuzi linaweza kufuta faili ya mfumo bila kuuliza. Mwaka 2020 kulikuwa na kasoro nyingine, CVE-2020-3350, ambapo mtumiaji wa kawaida angeweza kubadilisha folda kuwa kiungo wakati skani inaendelea, na `--remove` au `--move` ikagusa faili nyingine kabisa. Imeshazibwa, lakini inaonyesha kwa nini kufuta kwa mamlaka ya root si jambo la kuweka kwenye cron na kulisahau.

Mzigo. Mzito kwa muda mfupi. Sahihi ni mamilioni, na zikipakiwa hula kumbukumbu ya takriban gigabaiti moja au zaidi. Zinapakiwa upya kila unapoita amri, kwa hiyo kuskani faili moja ndogo kunachukua karibu muda uleule wa kupakia hazina yote. Pia inaskani faili moja baada ya nyingine. Upande wake mzuri ni kwamba ikimaliza, kumbukumbu yote inarudi.

Matunzo. Hakuna. Faili mpya, folda mpya, mtumiaji mpya, vyote vinasomwa bila kubadilisha kitu.

Inamfaa nani. Mwenye mashine moja anayeskani mara mojamoja, au anayekagua diski iliyochomolewa kwenye kompyuta nyingine. Na kumbuka unaweza kuiita bila `sudo` kabisa ukitaka kuskani folda yako mwenyewe tu. Faili zako unazisoma tayari, hivyo hakuna ruhusa ya kuomba.

## Njia ya 2: `clamdscan --fdpass`

`clamdscan` ni mteja mwembamba. Kwa kawaida humwambia `clamd` "skani faili iliyo kwenye njia hii", na `clamd` hujaribu kuifungua yenyewe kama `clamav`, ndipo inapokataliwa. Ukiongeza `--fdpass` mambo hubadilika: mteja anafungua faili kwa haki za yule aliyeita amri, kisha anampa `clamd` kishikio cha faili iliyokwisha kufunguliwa kupitia soketi. Injini haiulizwi tena kama ina haki ya kufungua, kwa sababu haifungui.

`sudo clamdscan --fdpass --multiscan -i /home`

Inafika wapi. Kila mahali mwita amri anapofika. Ukiiita mwenyewe bila `sudo`, inasoma folda yako ya 0700 (iliyo wazi kwako tu) bila shida. Ukiiita kwa `sudo`, inasoma za wote. Mipaka ni miwili. Wa kwanza, inahitaji soketi ya ndani ya mashine. Ikiwa `clamd` imesanidiwa kwa TCP pekee, yaani mtandao, `--fdpass` haiwezekani. Kwenye Fedora na jamaa zake angalia kama mstari wa `LocalSocket` kwenye `scan.conf` umefunguliwa kweli, maana mara nyingi huja ukiwa na alama ya `#`. Wa pili, AppArmor na SELinux hukagua tena kishikio kinapopokelewa, kwa hiyo mlinzi yule wa pili hapitiwi kwa njia hii.

Nani anafungua, nani anachambua. Wametengana, na hapo ndipo njia hii inapopata nguvu yake. Anayefungua anaweza kuwa root, lakini hasomi kilichomo. Anayechambua ni `clamav`, asiye na kitu cha kupoteza zaidi ya faili anayopewa wakati huo. Kufuta au kuhamisha faili iliyoambukizwa hufanywa na mteja, hivyo tahadhari ya `--remove` niliyoitaja juu inabaki palepale ukitumia `sudo`.

Mzigo. `clamd` hukaa na hazina ya sahihi kwenye kumbukumbu muda wote, tena hazina ikisasishwa inaweza kushika nakala mbili kwa muda, ya zamani na mpya. Hilo linadhibitiwa na `ConcurrentDatabaseReload`. Ukiiweka `no`, kumbukumbu inapungua, ila skani husimama kidogo wakati wa kupakia. Kwa kubadilishana unapata majibu ya haraka, na `--multiscan` inagawa kazi kwa nyuzi kadhaa.

Matunzo. Kidogo sana. Jambo la kuzoea ni kwamba `clamdscan` hupuuza chaguzi nyingi za `clamscan`. Kuacha folda fulani hufanywa kwa `ExcludePath` ndani ya `clamd.conf`. Wengine huandika `--exclude-dir` wakidhani imefanya kazi.

Inamfaa nani. Seva yenye watumiaji wengi, au kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha ambayo huskani mara kwa mara.

Ndugu yake ni `--stream`. Hapa mteja anasoma faili na kutuma maudhui yote, baiti kwa baiti. Ni polepole kuliko kishikio, lakini hufanya kazi hata kama `clamd` iko kwenye mashine nyingine, na kwa kuwa injini haipokei faili bali data tupu, AppArmor na SELinux hawana cha kuikatalia kuhusu faili hiyo. Ina kikomo, `StreamMaxLength`, ambacho kilikuwa megabaiti 25 kwenye matoleo ya zamani na ni 100 kwenye mapya. Faili ikizidi hapo unapata kosa. Angalia pia kama kifurushi chako kimeandika namba yake kwenye `clamd.conf`. Na kama unatuma kupitia mtandao, jua kwamba itifaki ya `clamd` haina nywila wala usimbaji. Iache ndani ya mtandao unaouamini au uipitishe kwenye handaki la SSH (muunganisho uliosimbwa).

## Njia ya 3: kumpa `clamav` ruhusa kwenye faili zenyewe

Badala ya kubadilisha namna ya kuskani, unabadilisha faili. Kuna namna mbili: kundi, au orodha za ruhusa zijulikanazo kama ACL.

Kundi ni rahisi pale ambapo programu moja inamiliki folda moja. Mfano wa siku nyingi ni seva ya barua pepe yenye Amavis, kichujio cha barua: unamwingiza `clamav` kwenye kundi la `amavis`, unawasha upya `clamd` ili kundi lipya litambuliwe, na faili za muda za barua zinasomeka.

ACL ni kwa pale ambapo hutaki kugusa makundi:

`setfacl -R -m u:clamav:rX /srv/upakiaji`
`setfacl -R -d -m u:clamav:rX /srv/upakiaji`

Mstari wa kwanza ni kwa kilichopo, wa pili ni kwa kitakachozaliwa baadaye. Herufi `X` kubwa inatoa haki ya kupita kwenye folda bila kuzifanya faili za kawaida ziwe za kutekelezwa.

Inafika wapi. Ulipopanga tu. Kwa wengine hiyo ni kasoro. Kwangu ni sifa pia, kwa sababu injini haioni hata baiti moja nje ya hapo.

Nani anafungua, nani anachambua. Wote ni `clamav`. Hakuna root popote. Lakini haki hiyo ni ya kudumu: injini ikitekwa, mshambuliaji anasoma folda nzima hiyo wakati wowote, si faili moja iliyokuwa ikiskaniwa.

Mzigo. Uleule wa `clamd`. ACL zenyewe hazina uzito wa kuutaja.

Matunzo. Hapa ndipo njia hii inapochosha. ACL ina kitu kinachoitwa maski, nacho ndicho dari ya haki zote zilizoongezwa. Ukifanya `chmod 600` kwenye faili yenye ACL, maski inashuka hadi sifuri na `clamav` anapoteza haki yake papo hapo, ingawa jina lake bado linaonekana. Endesha `getfacl` na utaona `#effective:---` pembeni ya jina. Vivyo hivyo kwa programu inayounda faili kwa 0600 tangu mwanzo: ACL ya kurithi inafika, ila imezimwa. Na faili ikiundwa kwingine kisha ikahamishwa kwa `mv` ndani ya diski ileile, hairithi chochote, kwa kuwa `mv` inabadilisha jina tu na haiundi faili mpya.

Kuna na mtego wa upande wa pili. Ukimpa `clamav` haki kwa ACL kwenye folda nzima ya nyumbani, funguo za siri za SSH nazo zinapata. Ruhusa za kundi zikionekana kwenye ufunguo, hata kama ni maski ya ACL tu, `ssh` inakataa kuutumia na kupiga kelele za `UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE`. Mtumiaji atakuja kwako akisema seva imeharibika, wala haitakujia haraka kwamba antivirusi ndiyo chanzo.

Inamfaa nani. Mwenye folda moja au mbili zinazojulikana, ambazo programu inayoziandika haibadilishi ruhusa hovyo. Pia mwenye programu inayomtumia `clamd` njia ya faili tu na isiyojua `--fdpass`. Moduli ya `virusfilter` ya Samba (programu ya kushirikisha faili kwenye mtandao) ni ya aina hiyo.

## Njia ya 4: kuiongezea huduma mamlaka

Toleo la mkato ni kuandika `User root` ndani ya `clamd.conf` na kuwasha upya. Toleo la adabu ni kuiacha kama `clamav` lakini kuipa uwezo mmoja wa kerneli, `CAP_DAC_READ_SEARCH`, unaoruhusu kusoma faili yoyote na kupita folda yoyote bila kuandika. Kwa systemd (msimamizi wa huduma za Linux), tumia `systemctl edit` kwenye huduma yako na uandike:

`[Service]`
`User=clamav`
`AmbientCapabilities=CAP_DAC_READ_SEARCH`
`CapabilityBoundingSet=CAP_DAC_READ_SEARCH`

Mstari wa `User=` hauepukiki. Huduma ikianza kama root na kujishusha yenyewe, uwezo huo unapotea njiani. Lakini ukiuweka, hatua zozote za maandalizi kwenye huduma zinazohitaji root, kama `chown` ya folda ya soketi, zitagoma. Soma `systemctl cat` kwanza. Wasifu wa AppArmor nao lazima uruhusu uwezo huo.

Inafika wapi. Karibu kila mahali kwenye diski za mashine yenyewe, kwa programu yoyote inayoongea na `clamd`, hata zile zinazotuma njia ya faili tu. Hakuna njia nyingine inayofikia upana huu kwa mabadiliko machache hivi.

Nani anafungua, nani anachambua. Mmoja, naye ana mamlaka makubwa saa 24. Kwa `User root`, kasoro moja ya aina ya ile ya HFS+ na mtu aliyekutumia kiambatisho anakuwa bwana wa mashine. Kwa uwezo wa kusoma tu, hawezi kuandika, ila anasoma `/etc/shadow` (zilipo nywila zilizofichwa), funguo za kila mtu na hifadhidata zote. Ni nafuu, lakini usiite salama. Kuna jambo dogo linalosahaulika: soketi ya `clamd` mara nyingi iko wazi kwa watumiaji wote wa mashine. Mtumiaji wa kawaida anaweza kuiomba injini yenye mamlaka iskani njia ya folda asiyoruhusiwa, na kutokana na jibu akajua kama faili fulani ipo. Ukichukua njia hii, bana soketi kwa `LocalSocketMode 660` na `LocalSocketGroup`.

Mzigo. Sawa na njia ya 2 na ya 3.

Matunzo. `User root` haihitaji chochote. Uwezo wa kerneli unahitaji kuangaliwa kila kifurushi kikibadilisha faili ya huduma au wasifu wa AppArmor.

Inamfaa nani. Seva ya faili ambapo programu zinazoita injini hazibadiliki, folda ni nyingi mno kwa ACL, na mashine haina kazi nyingine nyeti. Sijaona sababu nzuri ya `User root` pale ambapo uwezo wa kusoma unatosha.

## Mahali ambapo hata root hukataliwa

Ukiona `Permission denied` huku ukiwa na `sudo`, usidhani umekosea amri. Diski ya NFS, yaani inayosomwa kutoka seva nyingine kupitia mtandao, kwa kawaida huja na `root_squash`: root wa mashine yako anageuzwa kuwa mtu asiye na jina upande wa seva, na anaweza kuwa na haki chache kuliko mwenye faili. Miunganisho ya FUSE (mifumo ya faili ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuiunganisha mwenyewe), kama ile iliyo chini ya `/run/user/1000`, humkatalia kila mtu isipokuwa aliyeiunganisha, root akiwemo, mpaka iunganishwe kwa `allow_root` au `allow_other`.

Njia ya 1, ya 3 na ya 4 zote hugonga mwamba hapa kwa namna moja au nyingine. Inayofanya kazi ni kuendesha `clamdscan --fdpass`, au `--stream` ikibidi, kama mwenye faili mwenyewe.

## Hakikisha kabla ya kuamini

Chukua faili ya majaribio ya EICAR, ile ya herufi 68 isiyo na madhara ambayo antivirusi zote zimekubaliana kuitambua. Iweke ndani ya folda yenye ruhusa 0700, faili yenyewe 0600, mali ya mtumiaji wa kawaida, kisha uendeshe skani yako kama itakavyoendeshwa na cron. Ukiona `FOUND`, ruhusa zimekaa sawa. Usipoiona, skani hiyo haifiki unakodhani. Ukiwa hapo, jaribu pia faili kubwa: zinazozidi `MaxFileSize` huachwa bila onyo, na utalipata onyo tu ukiwasha `AlertExceedsMax`. Si tatizo la ruhusa, lakini matokeo yake yanafanana, faili haikusomwa na ripoti ni safi.

## Uamuzi kwa hali yako

Kompyuta yako binafsi, kumbukumbu finyu, unaskani mara mojamoja: `clamscan` bila `sudo` kwa folda yako, na `sudo clamscan` pale tu unapokagua mfumo mzima. Bila `--remove`.

Kompyuta binafsi yenye kumbukumbu ya kutosha na `clamd` tayari inafanya kazi: `clamdscan --fdpass`, bila `sudo`.

Seva ya watumiaji wengi, skani ya usiku: `sudo clamdscan --fdpass --multiscan`, na hati yako itume taarifa kwa msimbo 1 na pia kwa msimbo 2.

Tovuti inayopokea faili kutoka kwa umma: programu ya tovuti iskani yenyewe wakati faili inaingia, kwa `--fdpass` au kwa mkondo kama wa `--stream`. Ukitaka na skani ya ratiba juu ya folda ya upakiaji, ongeza ACL na uichunguze kwa `getfacl` baada ya faili mpya kadhaa kuingia.

Seva ya barua pepe: kundi linatosha, usiende mbali zaidi ya hapo.

Ulinzi wa papo kwa papo kwa `clamonacc`: yenyewe lazima iwe root ili itumie fanotify (njia ya kerneli ya kutoa taarifa faili inapofunguliwa), lakini iendeshe na `--fdpass` ili uchambuzi ubaki kwa `clamav`, na uweke `OnAccessExcludeUname clamav` isije ikajiskani yenyewe.

Seva ya Samba au programu nyingine inayotuma njia ya faili tu: ACL kama folda ni chache, `CAP_DAC_READ_SEARCH` kama ni nyingi, na soketi iliyobanwa kwa vyovyote vile.

Mashine nyingi dhaifu na moja yenye nguvu: `--stream` kuelekea hiyo moja, kupitia handaki la SSH.

Faili zilizo kwenye NFS: hamishia skani kwenye seva inayozihifadhi, ambako ni diski ya kawaida na njia zote nne zinarudi mezani. Kama huna mamlaka huko, kila mtumiaji aendeshe `clamdscan --fdpass` kwa jina lake.